Chuo kinatambulikana kwa nini? Neno langu juu ya lango la jubilei



Nimesoma tangazo la kamati ya jubilei. Kila mmoja aliyemaliza anaombwa dola 20. Pesa hiyo itajenga lango jipya kando ya barabara, itashona jaketi, na itamlipa fundi wa kuchora alama mpya ya chuo. Sababu waliyotoa ni moja: kuimarisha utambulisho wa chuo chetu, juu watu wa nje hawatutofautishi tena na vyuo vingine vya mji.

Sina ugomvi na kamati. Wengi wao ni wakubwa wangu, na mmoja wao ndiye aliyenitafutia staji yangu ya kwanza. Lakini wiki ile ile ya tangazo nilipita kwenye shamba letu la majaribio, nikakuta vigingi vya rangi nyekundu vimepangwa mstari, kutoka kwenye migomba mpaka karibu na kipima mvua. Mzee anayelinda pale aliniambia: "Mtoto yangu, walikuya kupima maparseli." Nikamuuliza ni nani. Akaangalia pembeni, akaendelea kupalilia.

Njo maana naandika. Mlango wa mbele tunataka kununua utambulisho, na mlango wa nyuma tunauuza. Jina la chuo sitaliandika hapa. Wote tuko tunakijua, na hadithi hii ingeweza kuwa ya vyuo vingi vya mashariki.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Mwaka 1985 watafiti wawili wa Marekani, Albert na Whetten, waliuliza utambulisho wa shirika ni kitu gani. Walijibu kwamba ni yale ambayo watu wa ndani wanayaona kuwa kiini cha shirika, yanayolitofautisha na mengine, na yanayodumu muda unapopita. Mfano waliouchambua kwa kirefu ulikuwa iniversite. Niliposoma hayo nilicheka, juu sisi wa kilimo tumefundishwa kitu cha karibu sana kuhusu mbegu. Ili aina ya mbegu ikubaliwe kuwa aina, lazima ijitofautishe na nyingine, mimea yake ifanane, na ibaki vile vile msimu baada ya msimu. Na kila aliyewahi kutunza mbegu ya mahindi anajua kwamba haibaki vile vile yenyewe. Ukiiacha karibu na shamba la jirani, misimu michache tu imechanganyika. Gunia linaweza kubaki na jina lile lile, lakini ndani iko kitu kingine.

Swali langu kwa kamati ni hilo basi. Je, tunatunza mbegu, ao tunabadilisha gunia?

Tuangalie nchi yetu wenyewe, juu Kongo imefanya jaribio kubwa juu ya jambo hili. Miaka ya kwanza ya uhuru tulikuwa na iniversite tatu, na kila moja ilijua inatoka wapi. Lovanium ilifunguliwa Kinshasa mwaka 1954 na Wakatoliki wa Louvain. Hata jina lake ni la Kilatini la mji huo. Ya serikali ilianza Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1956. Ya tatu, Université Libre du Congo, ilianzishwa na Waprotestanti kule Kisangani mwaka 1963. Lovanium ilikuwa na kiburi cha mlima wake na kinu chake cha utafiti wa nyuklia, TRICO, kilichowashwa mwaka 1959, cha kwanza katika Afrika.

Halafu siasa ikaingia. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Kinshasa waliandamana, na askari wakawapiga risasi. Miaka miwili baadaye, wenzao walipotaka kuwakumbuka wale waliokufa, Mobutu aliwaingiza wanafunzi wa Lovanium jeshini kwa nguvu. Mwezi wa nane 1971 iniversite zote tatu zikaunganishwa kuwa moja, UNAZA, na masomo yakagawanywa upya. Sheria, uchumi na udaktari vikawa vya Kinshasa. Elimu ya lugha, historia na sayansi ya jamii ikapelekwa Lubumbashi. Kisangani ikapewa mambo ya ualimu, na kilimo kikapelekwa Yangambi.

UNAZA ilikuwa na kila kitu ambacho kamati yetu inatafuta: jina moja, alama moja, uongozi mmoja, tena nguvu ya dola nyuma yake. Mwaka 1981 ikavunjwa. Leo imebaki hasa kwenye diplomi za wazee wetu. Kumbe jina na alama, hata zikiletwa na rais mwenyewe, hazitoshi.

Ni nini basi kilichobaki? Ilibaki kazi iliyokuwa ikifanywa mahali fulani, na watu walioishikilia. Lubumbashi haikuchagua kupewa lugha na historia. Ni amri iliyofanya hivyo. Lakini walimu walikaa pale, kati yao Mudimbe katika miaka ya 1970, wakaandika, wakafundisha wengine wa kuandika. Mpaka leo mtu akitaja Lubumbashi kati ya wasomi, wanafikiri historia na lugha kabla ya kufikiri lango la chuo. Na makanisa? Teolojia ilitolewa katika iniversite ya serikali, lakini Wakatoliki na Waprotestanti waliendelea na ya kwao, kwa watu wao na pesa yao, na leo tuko na Université Catholique du Congo na Université Protestante au Congo. Walionyang'anywa nyumba walibeba kazi yao, wakajenga tena.

Mfano wa karibu zaidi na sisi ni Yangambi. Wabelgiji walianzisha INEAC mwaka 1933, na Yangambi, kando ya mto, ikawa kituo chake kikuu cha utafiti. Nasema wazi kwamba kazi ile ilikuwa ya ukoloni, kwa faida ya ukoloni. Lakini angalieni kilichobeba jina lake mpaka leo. Kuna nyumba ya mimea iliyokaushwa, herbarium, yenye vielelezo kama 150,000. Kuna kazi ya Beirnaert na Vanderweyen ya mwaka 1941, iliyoeleza unene wa ganda la kokwa ya mchikichi unavyorithiwa, na ambayo mashamba ya michikichi ya dunia nzima bado yanaitegemea. Na kuna ndizi. Wataalamu wa migomba wa Afrika yote wanajua Yangambi Km 5, juu inavumilia ugonjwa wa madoa meusi ya majani na minyoo ya mizizi. Mtu ambaye hajawahi kuona mto Kongo anataja kilomita ya tano ya barabara ya Yangambi kila anapotaja mgomba ule. Hakuna aliyeijengea ndizi ile lango.

Tena vita vilipofika, taasisi ya kilimo ya Yangambi ilihamishia masomo Kisangani, kilomita kama mia moja kutoka pale. Ilibaki na jina la Yangambi. Jina lile linasimama kwa sababu nyuma yake iko mimea, vitabu na kazi ambayo mtu anaweza kwenda kuigusa. Toeni hiyo yote, jina litabaki neno la kwenye bahasha.

Sasa turudi kwetu. Naomba kila mmoja ajiulize ni lini mtu wa nje alimtambua kuwa ametoka chuo chetu.

Mimi nakumbuka vizuri. Nilikuwa nimeanza kazi na shirika moja la maendeleo, tukaenda kijijini ambako migomba ilikuwa inakauka. Mnajua mnyauko wa migomba ulivyotuharibia Kivu tangu ulipoonekana Masisi mwaka 2001. Wenzangu walifungua karatasi za maswali. Mimi nikaomba mpanga. Nikakata tunda moja, ndani lilikuwa limegeuka kahawia. Nikakata shina, nikangojea, maji ya manjano yakatoka. Halafu nikaweka mpanga kwenye moto wa mama mwenye shamba kabla ya kugusa mgomba mwingine. Mkubwa wangu wa kazi, aliyesoma kwingine, akacheka: "Nilijua tu. Benye kutoka kwenu bakifika ku shamba, baulizaka mpanga mbele ya karatasi."

Siku ile sikuvaa jaketi ya chuo. Nilivaa buti za kukopa.

Tabia ile haikutoka hewani. Wakubwa wetu wanamkumbuka profesa wa udongo, wa miaka ya mwanzo, aliyeweka sheria moja: hakuna anayepita mwaka wa pili bila kuchimba shimo lake mwenyewe, la mita moja na nusu, kusoma tabaka za udongo kwa kidole na kwa kisu, na kuzieleza akiwa ndani ya shimo huku wengine wanamsikiliza kutoka juu. Mvua ikinyesha, mnachimba. Wengi tulilia. Alipoondoka, asistenti wake walishika sheria ile ile. Pembeni kulikuwa na kipima mvua, na mzee yule yule ninayemsema aliandika kila asubuhi ya saa moja, kwa Bic, kiasi cha mvua kwenye daftari. Hakuna aliyemlazimisha. Wakati wa vita aliruka siku kadhaa tu, na siku hizo aliandika "risasi" mahali pa namba.

Burton Clark, Mmarekani aliyechunguza vyuo vitatu vidogo vya kwao, Antioch, Reed na Swarthmore, aliandika mwaka 1970 na 1972 kwamba chuo chenye sura yake huwa na hadithi inayoaminiwa na watu wake. Inaweza kuanza na mtu mmoja mwenye wazo kali, lakini mtu huyo hawezi kuiweka hai peke yake. Clark alihesabu wanaoibeba: walimu wa kudumu wanaoikubali, programu ya masomo yenye kitu ambacho wengine hawana, waliomaliza wanaoiunga mkono kutoka nje, wanafunzi wanaoipokea kama desturi yao, na mwisho alama na sherehe.

Pimeni chuo chetu kwa hivyo vitano. Kamati inashughulikia kile cha mwisho. Vile vinne vingine viko wapi?

Mdogo wangu anasoma pale sasa, mwaka wa pili. Nilimuuliza shimo lake liko wapi. Alinionyesha picha kwenye simu: shimo moja, wanafunzi 80 wamesimama kuzunguka, asistenti ndani. Aliyekuwa karibu aliona rangi ya udongo, aliyekuwa nyuma aliona migongo. Halafu wakarudi ku auditwari kumaliza kwa ubao. Hakuwa anaona shida. Kwake yeye chuo ni hivyo.

Simlaumu asistenti. Wanafunzi wameongezeka, majembe hayakuongezeka. Profesa wa kudumu ni wachache, na wengi wanaofundisha ni wa kutembea: anashuka, anamaliza kozi nzima kwa siku chache, anaenda mji mwingine na noti zile zile. Chuo kinaishi kwa minervali, kwa hiyo kinafungua fakulte inayoleta watu wengi, ile ile ambayo jirani amefungua. DiMaggio na Powell walieleza tangu mwaka 1983 kwa nini mashirika ya kazi moja yanaishia kufanana: sheria zinayasukuma, yanaigana wakati hayana uhakika, na wataalamu wake wanafundishwa njia moja. Kwetu yote matatu yako. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 serikali imeleta LMD kila mahali, na orodha za kozi zinafanana. Sipingi hilo, juu diplomi yangu ikubaliwe Dar es Salaam ao Kigali ni faida yangu. Lakini orodha ya kozi inasema "sayansi ya udongo" tu. Haisemi kama utaijifunza ndani ya shimo ao kwenye kiti. Pale ndipo chuo kinapojichagulia kuwa nani.

Kuna mambo mawili najua mtaniambia.

La kwanza, eti utambulisho wetu ni undugu wetu: nyimbo, majina ya utani, ubatizo wa wapya. Ndugu, nyimbo nazipenda. Lakini nendeni Bukavu, Butembo ao Kinshasa, wapya wanapata mateso yale yale na majina yale yale. Kitu kilichoko kila mahali hakiwezi kututofautisha. Sisi tuliochimba tunajua ni shimo lililotufanya ndugu, juu mwenzako ndiye aliyekuvuta mkono utoke.

La pili ni zito zaidi. Rafiki yangu mmoja wa kamati aliniambia: "Lango linaleta wanafunzi, wanafunzi wanaleta minervali, minervali inalipa mishahara. Shamba linalipa nani?" Ni kweli. Mzazi anayetoka kijijini na pesa ya ng'ombe aliyeuzwa anaangalia jengo. Alama ina kazi yake, na Clark mwenyewe aliihesabu. Chuo kisicho na mishahara hakitatunza shamba lolote. Nilikaa na neno lake siku nyingi.

Jibu nililopata ni hili. Mzazi yule anaangalia lango mara moja, siku ya kuandikisha. Miaka yote inayofuata anaangalia kama mtoto amepata kazi. Na mwenye kazi anauliza tunachoweza kufanya. Tukifanana na wote, atachukua yeyote, na kati ya wanaofanana anayeshinda ni mwenye minervali ya chini. Hatuwezi kushinda vita hivyo. Ile habari ya mpanga mbele ya karatasi ndiyo ilinipa mkataba wa pili. Na ilitoka kwenye ardhi ambayo sasa iko na vigingi.

Nimalize kwa Antioch, kile chuo cha Clark. Kilikuwa kinakaribia kufa Arthur Morgan alipokishika miaka ya 1920, akakipa sura mpya: mwanafunzi anasoma kipindi, anaenda kufanya kazi ya kweli kipindi, anarudi. Baadaye kilipanuka kuwa iniversite yenye matawi mbalimbali, na mwaka 2008 wakubwa wa iniversite ile wakafunga chuo chenyewe. Waliomaliza hawakushona jaketi. Walikusanya pesa, wakanunua ardhi na majengo mwaka 2009, na mwaka 2011 chuo kikafunguliwa tena, na ile desturi ya kazi ndani yake. Wao walikuwa na dola nyingi kuliko sisi. Lakini sisi hatuhitaji kununua chuo kizima. Tunahitaji kuzuia kisiuzwe vipande.

Naomba basi mkutano mkuu ujadili haya kabla ya mtu yeyote kutoa dola 20. Kwanza, kamati iandikie uongozi wa chuo, kwa barua yenye majina yetu, iulize vigingi ni vya nani na kama hati ya ardhi ya shamba iko. Kama haiko, dola za kwanza ziende kwenye hati, za pili kwenye ua. Pili, tununue majembe na mpanga, na kila mwaka kumi kati yetu tuende wiki moja kusaidia asistenti, ili shimo moja liwe la wanafunzi watano. Wengi hatuna kazi ya kila siku, tusijifiche. Tatu, daftari za mvua zote zipigwe picha na kuandikwa kwenye kompyuta, na yule mzee apewe kitu kwa heshima kabla hajazeeka kabisa. Ikibaki pesa, tujenge lango. Nitachota mchanga mwenyewe.

Na mimi niseme langu, juu si vizuri kulaumu wengine tu. Nilipoandika kazi yangu ya mwisho nilikopa daftari mbili za mvua. Moja niliirudisha. Nyingine ilikaa kwenye sanduku langu zaidi ya miaka mitatu, chini ya nguo, na kila mara nilijiambia nitapeleka. Nimeipeleka siku ile niliyokuta vigingi. Mzee aliipangusa, akahesabu kurasa, akaiweka kwenye mfuko wa plastiki pamoja na zile nyingine. Hakunigombeza. Alinionyesha ya sasa: asubuhi ile alikuwa ameandika milimita 12.

Wenye daftari nyingine majumbani, mnajijua. Mkutano ni jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa tatu asubuhi. Mje nazo.